Maswali na Majibu ya Wasomaji: Nani Amepunjwa Katika Anthrax?

Katika toleo lililopita, nilipoeleza habari za bendi nne kubwa za Marekani zilizoinua muziki wa metali wa aina ya thrashi, ule wa kasi na ukali, yaani Metallica, Megadeth, Slayer na Anthrax, niliandika sentensi moja tu kuhusu miaka ambayo John Bush aliimba katika Anthrax. Nilisema kwamba miaka hiyo, kuanzia 1992 hadi 2005, ilizaa albamu nne mpya ambazo wapenzi wengi wa bendi hawazijui. Sentensi hiyo imeleta barua nyingi kuliko makala yote iliyobaki. Wapo walioniambia kwamba albamu hizo hazijulikani kwa sababu hazistahili kujulikana, na wapo walioniuliza kwa uchungu iweje kazi ya miaka kumi na mitatu ipewe sentensi moja. Hawa wa pili wana haki ya kulalamika, na ndiyo maana safu yote ya toleo hili nimewaachia wao na wapinzani wao.

Kwa msomaji ambaye bendi hii ni ngeni kwake, nitaje kwanza majina matatu yatakayorudi mara kwa mara. Neil Turbin aliimba katika albamu ya kwanza, Fistful of Metal, iliyotoka mwaka 1984. Joey Belladonna alimrithi na kuimba katika albamu nne, kuanzia Spreading the Disease ya 1985 hadi Persistence of Time ya 1990, akaondolewa mwaka 1992, na hatimaye akarejea kwa kudumu mwaka 2010. John Bush, aliyetoka katika bendi ya Armored Saint ya Los Angeles, ndiye aliyeshika kipaza sauti katikati ya vipindi hivyo viwili.

SWALI: Mhariri wa safu, mimi na kaka yangu tumebishana juu ya jambo hili tangu tukiwa shule ya sekondari. Yeye anashikilia kwamba Anthrax ni Joey Belladonna, na kwamba wenzake waliporekodi bila yeye walipaswa kutafuta jina jingine. Mimi niliifahamu bendi kupitia Sound of White Noise, albamu ya kwanza ya Bush, ya 1993, na kwangu Bush ndiye mwenyeji. Nani kati yetu yuko sahihi? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Dada, kaka yako ana masikio mazuri, lakini kanuni yake haisimami. Anthrax iliundwa mwaka 1981 huko Queens, New York, na Scott Ian, mpiga gitaa la ridhimu, pamoja na Dan Lilker, ambaye ndiye aliyepiga besi katika albamu ya kwanza. Mpiga ngoma Charlie Benante alijiunga mwaka 1983, na Frank Bello, ambaye ni mpwa wa Benante, akachukua besi baada ya Lilker kuondoka. Tangu hapo, sehemu kubwa ya muziki imetoka mikononi mwa Benante, na sehemu kubwa ya mashairi imeandikwa na Scott Ian. Ukiiondoa sauti ya mwimbaji katika wimbo wao wowote, bado utaitambua bendi kwa namna Ian anavyolikata gitaa lake: kiganja cha mkono wa kulia kinalala juu ya nyuzi pale zinapofungwa, mlio unabanwa usivume, na kila pigo linaanguka pamoja na ngoma ya mguu ya Benante kana kwamba watu hao wawili wanapiga chombo kimoja. Jambo hilo lilikuwapo mwaka 1987 na lilikuwapo mwaka 2003. Isitoshe, kama bendi ingelazimika kubadili jina kila inapobadili mwimbaji, Belladonna mwenyewe asingewahi kuimba katika Anthrax, kwa kuwa alipofika alikuta jina hilo limekwisha kuchapishwa kwenye jalada la albamu aliyoimba Turbin.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo kaka yako analisikia vizuri. Waimbaji wengi wa thrashi wa wakati ule walibweka, walifoka au walikwaruza koo, ilhali Belladonna aliimba. Alikuwa na sauti ya juu, safi, yenye mtetemo, iliyolelewa na muziki wa roki wa miaka ya 1970, na aliiweka sauti hiyo juu ya magitaa kama mtu anayetembea juu ya ukuta huku chini yake gari linapita kwa kasi. Bush alipokuja, sauti ilishuka kutoka juu ya ukuta ikaingia katikati ya magitaa. Kwa hiyo mwaka 1992 kilichobadilika hakikuwa koo la mtu peke yake, bali pia kazi ambayo sauti ilipewa ndani ya wimbo. Hiki ni kipindi kingine kabisa, nami namkubalia kaka yako kwa hilo. Sikubali kwamba ni bendi nyingine.

SWALI: Je, si kweli kwamba Sound of White Noise ilikuwa ni Anthrax ikijaribu kuvaa nguo za Seattle, yaani kuiga muziki wa grunge uliovuma kutoka mji huo, ili isiachwe na wakati? Iweje tuambiwe kwamba imepuuzwa? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Sehemu ya kwanza ya swali lako ina ukweli ndani yake. Mtayarishaji wa albamu hiyo alikuwa Dave Jerden, ambaye mwaka mmoja kabla yake alikuwa ametayarisha Dirt ya Alice in Chains, bendi ya Seattle, na mtu mwenye masikio atasikia undugu: magitaa yamenenepa, mwendo umepungua, na sauti za kuitikia zimepangwa kwa tabaka. Lakini kabla ya kuwahukumu kwa kufuata upepo, isikilize tena Persistence of Time, waliyoitoa mwaka 1990 wakati Belladonna bado yupo. Humo mwendo ulikuwa umekwisha kupungua, nyimbo zilikuwa zimerefuka, na kicheko chao cha zamani kilikuwa kimenyamaza. Njia ya kwenda 1993 ilikwisha kuchimbwa na bendi yenyewe, bila msaada wa Seattle.

Usikilize pia wimbo "Only" wa Sound of White Noise kwa utulivu. Katika beti Bush anaimba chini, karibu na usemi wa kawaida, kama mtu anayemweleza mwenzake jambo zito wakiwa mezani, kisha kiitikio kinapofika anaipandisha sauti kutoka kifuani, akilivuta neno moja kwa muda mrefu huku mikwaruzo ya koo lake ikibaki wazi. Hakuna wimbo wa Anthrax wa miaka ya 1980 uliojengwa hivyo. "Black Lodge" nao ni wa taratibu, umefunikwa na ukungu wa vinanda, na kazi hiyo ya vinanda waliifanya pamoja na Angelo Badalamenti, mtunzi wa muziki wa tamthilia ya televisheni ya Twin Peaks. Bendi inayoiga tu haimtafuti mtu kama huyo.

Kwa sehemu ya pili ya swali lako nakubaliana nawe. Albamu hii ilifika nafasi ya 7 katika chati ya Marekani na ikapata cheti cha dhahabu nchini humo. Katika safu hii nalitumia neno kupunjwa kwa maana yake ya sokoni, yaani mtu kuleta mzigo kamili na mizani ikasoma pungufu. Sound of White Noise haikupunjwa katika mwaka wake. Imesahauliwa baadaye, na hayo ni madhila mengine.

SWALI: Kati ya albamu za Bush, ipi hasa ndiyo iliyodhulumiwa? Nimezisikiliza zote nne na kila mpenzi wa metali ninayemuuliza ananipa jibu tofauti. (Msomaji, Kampala)

JIBU: Swali hili ndilo nililolitamani. Nitalijibu kwa kueleza kwanza mambo yaliyotokea nje ya chumba cha kurekodia, kwa sababu naamini kwamba kosa kubwa katika ubishi huu wote ni kumdai mwimbaji deni ambalo lilikopwa na wengine.

Anthrax waliingia mkataba mkubwa na kampuni ya Elektra mwaka 1992, wakati wa mabadiliko ya mwimbaji. Albamu ya kwanza chini ya mkataba huo ilifanya vizuri, lakini kabla ya ile ya pili uongozi wa kampuni ulibadilika, na watu walioipenda bendi hawakuwapo tena ofisini. Stomp 442 ilitoka mwaka 1995 bila msukumo wa maana na ikaishia nafasi ya 47. Wakati huohuo bendi ilikuwa imempoteza Dan Spitz, mpiga gitaa la solo tangu siku za albamu ya kwanza, ambaye aliacha muziki akaenda kujifunza ufundi wa saa. Benante aliweka ngoma chini kwa muda akapiga magitaa mengi mwenyewe, na sehemu za solo waligawana Paul Crook na Dimebag Darrell wa Pantera. Ukiitazama picha ya jalada, yenye mpira mkubwa mno wa vyuma chakavu, utaona kwamba inafanana na albamu yenyewe: nzito, imesokotwa kwa vipande, na ina nguvu kubwa inapoanza kubingirika. "Fueled" na "Nothing" ni nyimbo ambazo ningezitetea mbele ya mtu yeyote, na "Bare", inayofunga albamu, inamwonyesha Bush akiwa mtulivu. Kati yake kuna nyimbo kadhaa ambazo hupita bila kuacha alama, na siwezi kusema vinginevyo.

Volume 8: The Threat Is Real, ya mwaka 1998, ilikuwa na bahati mbaya zaidi. Ilitolewa na kampuni ndogo iliyoitwa Ignition, na kampuni hiyo ikafilisika muda mfupi baadaye. Msomaji afikirie maana yake: albamu imetoka, bendi iko safarini ikipiga nyimbo mpya kila usiku, na msikilizaji akienda dukani asubuhi yake haipati. Ilifika nafasi ya 118. Albamu yenyewe haitulii mahali pamoja, ina vipande vya sekunde chache vilivyochomekwa kati ya nyimbo, ina wimbo wenye harufu ya muziki wa country wa Marekani, na ina "Inside Out", ambao ni miongoni mwa nyimbo bora kabisa za kipindi cha Bush. Mwishoni, baada ya kimya kirefu ambacho humfanya msikilizaji adhani albamu imekwisha, unaanza wimbo ambao haukuandikwa kwenye jalada. Unaitwa "Pieces", na anayeuimba ni Frank Bello, mpiga besi, kwa ajili ya mdogo wake aliyeuawa mwaka 1996. Bush, mwimbaji wa bendi, alikaa kando ili mwenzake aomboleze kwa sauti yake mwenyewe. Ninapowasikia watu wakiiita albamu hii takataka huwa nawauliza kama waliisikiliza hadi mwisho.

Pamoja na hayo yote, jibu langu ni We've Come for You All ya mwaka 2003. Albamu hii haina udhaifu wa zile mbili zilizotangulia. Rob Caggiano alikuwa ameingia kama mpiga gitaa la solo, na kwa mara ya kwanza tangu Spitz aondoke bendi ilisikika kama watu watano waliokaa chumba kimoja. Benante katika "Nobody Knows Anything" anapiga ngoma kwa namna inayomlazimu msikilizaji kurudi mwanzo ahesabu upya. "What Doesn't Die" ina kasi ambayo wapinzani wa Bush hudai aliiua. "Safe Home" ni wimbo wa mapenzi usio na haya wala sukari ya kupita kiasi, na naamini hakuna mwimbaji mwingine wa kizazi chake katika thrashi ambaye angeuimba akaaminika. Roger Daltrey wa The Who anasikika katika "Taking the Music Back", na Dimebag amepiga solo katika nyimbo mbili, mwaka mmoja na nusu tu kabla ya kuuawa. Huko Ulaya albamu ilitolewa na Nuclear Blast na ikapokewa kwa heshima. Nchini Marekani ilishindwa hata kuingia katika mia za kwanza. Mashairi yake mengi yanabeba mkono wa Bush, jambo ambalo Belladonna hakupewa nafasi ya kulifanya katika miaka ya 1980, na ukisikiliza kwa makini utasikia tofauti kati ya mtu anayeimba maneno aliyoyaandika na mtu anayeimba maneno aliyokabidhiwa.

SWALI: Nimechoshwa na watetezi wa Bush wanaodai kwamba Belladonna alikuwa mtu wa kupiga mayowe tu, na kwamba bendi ilikomaa alipoondoka. Mbona hakuna anayesema kwamba Belladonna ndiye aliyepunjwa? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Mimi nasema, na nafurahi kwamba umeniuliza mara tu baada ya kumtetea Bush, ili ieleweke kwamba mtu anaweza kuwapenda wote wawili bila kuwa kigeugeu.

Kanda yangu ya kwanza ya Anthrax ilikuwa Persistence of Time, niliyoletewa na mjomba aliyekuwa baharia. Jalada lake lina mchoro wa saa, na upande wa kwanza wa kanda unaanza kwa mlio wa saa inayogonga kabla ya magitaa kuingia. Nyimbo tatu za mwanzo, "Time", "Blood" na "Keep It in the Family", kila mmoja unakaribia au kuzidi kidogo dakika saba. Nilikuwa na redio kaseti iliyotumia betri, na betri zilipoanza kuchoka kanda ilizunguka taratibu, sauti ya Belladonna ikashuka polepole hadi ikawa nzito na yenye giza. Miaka mingi baadaye, nilipomsikia Bush kwa mara ya kwanza, nilikumbuka zile betri. Lakini nilikumbuka pia kwamba nilipoweka betri mpya sauti ilipanda tena mahali pake, na nikaelewa jinsi ilivyo vigumu kukaa pale juu kwa dakika saba bila kuteleza.

"Keep It in the Family" ni wimbo unaokemea ubaguzi wa rangi, hasa ule ambao mtoto hurithishwa nyumbani na wazazi wake. Maneno ni ya Scott Ian, nayo yamesongamana, kwa sababu Ian huandika kama mpiga ridhimu, kila silabi kwa pigo lake. Mwimbaji wa mayowe angeyapigia kelele tu yakaisha. Belladonna anayatafutia lahani, anaivuta irabu hapa, anaikata konsonanti pale, na hasira ya wimbo inabaki huku masikio yakipata cha kushika. Hiyo ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya kila albamu, kugeuza karatasi ngumu ya mtu mwingine kuwa wimbo unaoimbika, na kazi ya namna hiyo haionekani ikifanywa vizuri. Rejea hata kwenye "Armed and Dangerous" ya 1985, ambapo anaanza kwa upole juu ya gitaa tulivu, kisha magitaa makubwa yanaingia naye haongezi kelele, anaongeza kimo.

Kuna jambo jingine lililomdhuru. Mwaka 1991 Anthrax walirekodi upya "Bring the Noise" pamoja na kundi la rapu la Public Enemy, wakazunguka nao jukwaani, na kwa wasikilizaji wengi nje ya metali huo ndio wimbo walioujua. Sauti zinazofoka humo ni za Chuck D, rapa wa Public Enemy, na Scott Ian. Kwa hiyo katika saa ambayo dunia iliigeukia bendi kuliko wakati wowote, mwimbaji wake hakuwa mbele, na mwaka uliofuata aliondolewa. Hakuwa amerekodi albamu mbaya. Alikuwa ametoka kurekodi albamu yenye kina kuliko zote nne alizoimba, albamu iliyozaliwa baada ya moto kuteketeza mahali pao pa mazoezi huko Yonkers mnamo Januari 1990 pamoja na vyombo vyenye thamani ya zaidi ya dola 100,000. Watu husema bendi ilikomaa alipoondoka. Mimi naona ilikomaa akiwa ndani, kisha ikamtoa.

SWALI: State of Euphoria ya 1988 ni albamu iliyopuuzwa au ni albamu dhaifu? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Ni dhaifu, na wanabendi wenyewe wamewahi kukiri kwamba iliharakishwa. "Be All, End All", unaoanza kwa selo, na "Now It's Dark" ni nyimbo za kuhifadhiwa, na "Antisocial", waliouchukua kutoka kwa bendi ya Kifaransa ya Trust, umebaki kuwa wimbo wa kuimba na umati. Zilizobaki zilihitaji miezi michache zaidi ya kupikwa.

SWALI: Mnamtaja Belladonna, mnamtaja Bush, na Neil Turbin mnamfanya kama mtu aliyepita njia. Je, yeye hana sifa yoyote? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Anazo, na moja ni kubwa. "Metal Thrashing Mad", wimbo alioimba yeye katika Fistful of Metal, ndio uliomfanya mwandishi Malcolm Dome wa jarida la Uingereza la Kerrang! atumie maneno "thrash metal" mwaka 1984, na inakubalika kwa wengi kwamba hapo ndipo jina la muziki huu lilipoonekana katika maandishi kwa mara ya kwanza. Tena mkono wake katika utunzi ulibaki hata baada ya yeye kuondoka, kwani ametajwa miongoni mwa watunzi wa "Armed and Dangerous" na "Gung-Ho", nyimbo mbili ambazo wengi wetu tumezisikia kwa sauti ya Belladonna tu.

Swali lako linanipa pia nafasi ya kupendekeza mizani iliyo bora kuliko maneno yangu. "Metal Thrashing Mad" umerekodiwa na waimbaji wote watatu. Turbin aliuimba mwaka 1984. Belladonna aliuimba mwaka 1985 katika rekodi fupi ya Armed and Dangerous, iliyotolewa ili kumtambulisha kwa wasikilizaji. Bush aliuimba mwaka 2004 katika The Greater of Two Evils, ambamo bendi ilirekodi upya nyimbo za zamani zilizopigiwa kura na wapenzi wake. Ukae siku moja jioni uzisikilize zote tatu mfululizo, bila kuzungumza na mtu. Turbin anauimba kama kijana aliyeiba gari na anaogopa kwamba litazimika, kwa hiyo anapiga ukelele kila anapopata upenyo. Belladonna anausafisha, na kwa mara ya kwanza unasikia kwamba wimbo una lahani. Bush anaushusha, anauongezea uzito, na anaimba kama mtu mzima anayekumbuka ujana huo bila kuuonea aibu. Mimi huipenda ile ya Belladonna, lakini nimekwisha kumwona rafiki yangu wa miaka mingi akibadili mawazo yake mara mbili katika usiku mmoja kwa jaribio hilihili.

SWALI: Mimi ni mpenzi wa Bush tangu siku za Armored Saint, na nimesoma kwamba Metallica waliwahi kumwomba awe mwimbaji wao. Kinachoniuma ni kwamba tangu Belladonna arudi, kazi ya Bush imefungiwa kabatini kana kwamba haikuwahi kuwapo. Je, hakuna heshima hata kidogo? (Msomaji, Minneapolis)

JIBU: Ndugu yangu, habari ya Metallica ni ya kweli. Walimtaka mwanzoni mwa miaka ya 1980, naye akakataa kwa sababu hakutaka kuwaacha wenzake wa Armored Saint, na hilo peke yake linatosha kueleza ni mtu wa namna gani. Ni kweli pia kwamba Bush hakufukuzwa kwa kelele kama Belladonna alivyoondolewa. Mwaka 2005 bendi iliwaita tena wanamuziki wa Among the Living, albamu yao ya 1987, Belladonna na Spitz wakiwamo, na Bush akakaa pembeni. Mpango huo ulipovunjika, na mwimbaji mwingine, Dan Nelson, naye akaja na kuondoka, Bush alirudi kusaidia katika maonyesho kadhaa ya mwaka 2009 na 2010, lakini hakutaka kujifunga upya. Albamu zilizofuata, Worship Music ya 2011 na For All Kings ya 2016, ni za Belladonna, na zote mbili ni nzuri kiasi kwamba hoja ya kwamba yeye ni wa miaka ya 1980 tu imekufa.

Malalamiko yako nayakubali kwa sehemu kubwa. Orodha ya nyimbo za jukwaani tangu wakati huo imeelemea mno upande mmoja, na ninatamani kusikia "Inside Out" au "What Doesn't Die" ikipewa nafasi, hata kwa koo lingine. Lakini heshima uliyoiuliza iliwahi kutolewa, tena hadharani. Tarehe 22 Juni 2010, bendi zote nne kubwa zilipiga katika uwanja mmoja huko Sofia, Bulgaria, na onyesho hilo likarekodiwa kwa filamu. Belladonna alikuwa amerudi kwa muda mfupi tu. Kila mtu uwanjani alijua ni nani aliyeshika nafasi yake kwa miaka kumi na mitatu, na hakuna ambaye angemlaumu kama angechagua nyimbo zake mwenyewe peke yake. Katika orodha ya siku ile, baada ya "Medusa", bendi ikaanza "Only", na Belladonna akauimba. Hakujaribu kuiga mikwaruzo ya Bush. Aliuimba kwa sauti yake, nyembamba na ya juu zaidi, na kiitikio kilipofika alikiinua vilevile kama alivyokuwa akiinua vya kwake.